Ukuta wa Kaka Juu ya Mlango

Machi 4
Daftari hili lilikuwa la vipimo vya sare. Kurasa za mbele zina vifua na viuno vya watoto wa shule. Za nyuma ni zangu kuanzia leo, maana leo saa nne asubuhi ardhi imetikisika.

Nilikuwa nimesimama kwenye meza yangu ya kukatia. Mkasi ukaanza kutembea wenyewe. Cherehani zikanyamaza moja moja, halafu Mama Pasi, anayepiga pasi sare zikishashonwa, akasema, "Jamani, hii siyo lori," akaitupa kazi na kukimbilia ngazi. Tukamfuata sote. Tuko thelathini, ghorofa ya pili, ngazi ni moja na nyembamba. Tulipofika barabarani ilikuwa imeshapita. Tukasimama kando ya mlango tukichekana, mmoja hana ndala, mwingine kashika bobini.

Bosi alishuka wa mwisho. "Subirini kwanza," alisema, "pengine ni lori." Neno hilo la subiri ndilo lililompa jina. Jengo ni lake, karakana ni yake, na sote tunamwita Bwana Subiri akigeuka.

Nyumbani nimemuuliza mama mkwe kama ameisikia. Yeye alikuwa mkunga hadi nyonga zilipomkatalia, na sasa sehemu kubwa ya siku anakaa kitandani. "Nimeisikia," alisema. "Nikadhani ni wewe umerudi umefunga mlango kwa hasira."

Machi 5
Mvua tangu asubuhi. Hakuna kilichotikisika isipokuwa mimi.

Machi 9
Mara mbili leo. Ya kwanza wakati wa chai, ya pili kabla hatujamaliza kuicheka ya kwanza. Tumekimbia zote mbili. Mshonaji mmoja kakanyagwa mkono kwenye ngazi.

Machi 13
Amekuja dada mmoja kutoka ofisi inayopima mitetemo ya ardhi. Mdogo wa umri, buti za mvua, sauti ya mtu asiyependa kurudia. Bwana Subiri alimpa dakika ishirini, akasimama kando akitazama saa.

Dada wa vipimo hakuanza na hotuba. Alichukua mpira wa kiunoni kwenye kapu letu, akauvuta, akauvuta, akatuuliza, "Utakatika lini?" Mshonaji mmoja akasema hajui. "Na mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nauvuta." Akatueleza kwamba huko chini tumekalia mabamba makubwa ya miamba yanayosukumana kila siku kwa mwendo wa kucha inavyoota. Penye ufa yanakwama. Yanakwama miaka na miaka huku nguvu ikijilimbikiza, na siku yakiachia, nguvu yote inatoka kwa mara moja.

"Sasa hilo kubwa linakuja lini?" Mama Pasi aliuliza.

"Sijui, mama. Na atakayekutajia siku na saa, naye hajui."

"Lakini hivi vidogo si vinapunguza?"

"Havipunguzi kiasi cha kututuliza. Vinaweza vikaisha hivihivi. Vinaweza visiishe."

Hakuna aliyelipenda jibu hilo. Mtu akija na buti na vyombo, unataka akuambie jambo.

Kisha akatufundisha. Ikianza kutikisika huendi popote. Unainama kabla haijakuangusha, unaingia chini ya meza imara, unafunika kichwa na shingo, na unaushika mguu wa meza kwa sababu meza nayo itatembea. Kaa mbali na vioo. Unatoka ikishatulia, kwa ngazi, na si mbiombio. "Wengi hawauawi na ardhi," alisema. "Wanauawa na kinachowaangukia wakiwa mbioni."

Mama Pasi akasema yeye chini ya meza haingii, maana akiingia itabidi aje kufunguliwa na seremala. Tukacheka. Dada wa vipimo hakucheka. Alishuka, akasimama kando ya mlango, palepale tunaposimama kila tukikimbia, akainua uso akautazama ukuta ulio juu ya paa kwa muda mrefu.

"Ule ukuta nani kaujenga?"

Wenzangu walinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Machi 14
Aliyeujenga ni kaka yangu.

Miaka sita iliyopita Bwana Subiri alitaka jengo lionekane refu na apate pa kubandika jina la karakana. Kaka, fundi mwashi anayejulikana mtaa mzima, akampandishia ukuta wa tofali kuzunguka paa lote, kimo cha mtu. Haubebi chochote, umewekwa uonekane tu. Nakumbuka tulivyojivuna siku ulipopakwa rangi.

Dada wa vipimo aliniambia kabla ya kuondoka, kwa upole, kwamba kama ukuta ule hauna nondo zilizoushika na jengo, ndio wa kwanza kuja chini. Na ukija, unakuja juu ya mlango.

Kaka ndiye aliyenilea. Wazazi walipofariki, nilikuwa na miaka saba na yeye kumi na tisa. Alikuwa akinipeleka shule kwenye mtalimbo wa baiskeli, saruji imemkauka vidoleni. Mtu kama huyo unamuulizaje kuhusu nondo?

Machi 16
Nimemfundisha mama mkwe yale ya kwake. Asiyeweza kuingia chini ya meza abaki kitandani, ajigeuze kifudifudi kama anaweza, afunike kichwa na shingo kwa mto. Alisikiliza kama mkunga anayefundishwa kuzaa, lakini alisikiliza. Kisha tukalitazama kabati. Ni la mume wangu, aliyefariki miaka minne iliyopita. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu, na limesimama kando ya kitanda cha mama yake. Linahitaji kufungwa ukutani kwa vyuma vya pembe. Nitavitafuta kesho.

Machi 19
Mtetemo mdogo saa tatu. Kabati bado.

Machi 21
Nimepanda juu ya paa kwa kisingizio cha kuanika vitambaa vilivyolowa. Chini ya ukuta wa Kaka, upande wa barabarani, pana ufa unaoingia kidole. Niliuwekea kiganja, nikausukuma kidogo tu, kama unavyomsukuma mtu aliyelala. Ukajibu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Bwana Subiri.

"Subiri mvua ziishe," alisema. "Ukuta umesimama miaka sita."

"Bosi, miaka sita ardhi ilikuwa imelala."

"Na wewe ni mkataji wa vitambaa. Kakate vitambaa."

Machi 24
Nimekwenda kwa Kaka. Nimeandika na kufuta mara tatu, sasa naandika ilivyokuwa.

Alikuwa uani akinoa mwiko. Wifi yangu alituletea chai akaingia ndani. Nilizunguka sana, nikaongea habari za mvua, mpaka akasema, "Mdogo wangu, umekuja na jambo. Litue."

"Ule ukuta wa karakana. Una nondo?"

Aliupima mwiko kwa dole gumba. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Tunasimama chini yake kila siku."

"Nimejenga miaka ishirini na minane. Umewahi kusikia nyumba yangu imemwangukia mtu?"

"Sijasema hivyo, Kaka. Nimeuliza kama una nondo."

"Bosi wako alitaka uishe wiki moja," alisema. "Nondo zilikuwa hazijafika. Akasema tutaziweka baadaye."

"Na mkanda wa zege wa kuufunga?"

Hapo aliinuka. Aliniambia kuna watu wakishapata meza ya kukatia wanasahau nani aliwavusha mito. Aliniambia niende. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilipita mlangoni chai yangu ikiwa haijaguswa.

Machi 25
Sijasikia kitu kwa Kaka.

Machi 28
Bado kimya. Wifi kanitumia ujumbe: "Umemwambia nini mwenzio? Chakula anakitazama tu." Mama mkwe kasikia kisa chote, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia, mama, ukuta wenyewe ndio una ufa. Akacheka mpaka akashika nyonga.

Machi 30
Vyuma vya pembe nimevipata. Viko kwenye mkoba. Mvua imenichosha, nitavifunga Jumapili.

Aprili 2
Zoezi la kwanza. Bwana Subiri kakubali kwa sharti tulifanye wakati wa chai yetu. Nikapiga filimbi, wote chini. Mama Pasi alibaki amesimama kama mnara, akatutazama huko chini, kisha akashuka polepole akiguna, na kumbe meza yangu inamtosha na nafasi inabaki. "Hakuna anayeruhusiwa kusimulia nilivyotoka," alisema. Mara ya tatu tulitumia muda wa pumzi nne.

Namtazama Mama Pasi tofauti siku hizi. Nilimwona mtu wa mzaha tu. Leo nimemkuta peke yake akipima kutoka kwenye pasi hadi mezani, hatua mbili, na kurudi, hatua mbili.

Aprili 5
Ilikuwa Jumapili. Nimefua, nimelala. Kabati bado.

Aprili 6
Saa mbili asubuhi tumesikia nyundo juu ya paa. Ni Kaka. Hakuwa amemwambia mtu. Bwana Subiri alipanda ngazi akihema, nami nikamfuata.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Niliujenga mwenyewe, naubomoa mwenyewe," Kaka alisema bila kugeuka.

"Subiri kwanza tuongee."

"Uliniambia nondo tutaziweka baadaye. Baadaye gani hiyo, Bosi, isiyofika miaka sita?" Akapiga patasi. Tofali likatoka zima, halina hata chembe ya saruji upande mmoja. Akaligeuza mkononi akalitazama, kisha akanionyesha mimi, siyo Bosi. Sijawahi kuuona uso wa Kaka ukiwa hivyo.

Ameanzia juu ya mlango. Tumefunga kamba njia ya watembea kwa miguu, na Bwana Subiri kaingia ofisini akafunga mlango.

Aprili 8
Sehemu ya juu ya mlango yote imeshuka. Kaka sasa anaelekea kulia, upande wa duka la vifaa vya ujenzi lililo chini yetu. Mchana tumekula pamoja juu ya mfuko wa saruji. Hatukuzungumza kuhusu siku ile. Alinimegea kipande kikubwa.

Ardhi imetulia siku sita. Badala ya kufurahi, nimekuwa kama mtu aliyemsikia mpangaji wa juu akitupa kiatu kimoja sakafuni, akabaki macho akisubiri cha pili.

Aprili 12
Nimeweza kushika kalamu leo. Ilikuwa tarehe tisa, Alhamisi, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Sauti ilitangulia, mngurumo uliotoka chini ya miguu. Kisha sakafu ikaruka. Sikukumbuka filimbi, nilipiga kelele "Chini" na nilipojitambua nilikuwa nimekumbatia mguu wa meza, Mama Pasi ubavuni kwangu, akisema "shikilia, shikilia" kama anayembembeleza mtoto. Taa zilizimika. Majora ya vitambaa yaliporomoka kutoka kwenye rafu, mojamoja, kwa kishindo. Vioo vya upande wa barabarani vilikwenda vyote. Meza ilitaka kututoroka, tulitambaa nayo. Wanasema ilichukua sekunde arobaini. Ndani ya hizo nilipata nafasi ya kumwona binti wa mwisho mwisho wa mstari akiinuka kukimbia, na jirani yake akamvuta kwa sketi akamrudisha chini. Niliona pia viatu vya Bwana Subiri vikipita mbio kuelekea ngazi.

Halafu juu ya paa kitu kikavunjika kwa mfululizo mrefu, na kikaanguka nje, upande wa kulia.

Ilipotulia, vumbi lilikuwa zito kama moshi. Mama Pasi alitoka kwanza, akaenda kwenye pasi zake, akazichomoa zote sita kabla hajajitazama kama ameumia. Niliita majina. Wote waliitika. Mmoja alikuwa na jeraha la kioo shavuni. Tulishuka ngazi mmoja mmoja, kila mtu na furushi la sare kichwani, tukatoka mlangoni, na pale mlangoni alisimama Bwana Subiri, mweupe kwa vumbi, mzima. Hakuna tofali lililokuwa miguuni pake. Hatua kumi upande wa kulia, mbele ya duka, kulikuwa na lundo la tofali lililofika kiunoni, na chini yake baiskeli ya mtu. Mwenye baiskeli alikuwa ndani akichagua misumari.

Nikaita "Kaka" kuelekea juu. Nikaita tena. Wenzangu walinishika nisirudi ndani. Mtikisiko wa pili ulikuja, mfupi, tukachuchumaa katikati ya barabara. Kisha akatokea mlangoni, mkono wa kulia unaning'inia kama wa koti. Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya paa, mbali na ukingo, na tofali moja lilimpata.

"Wako wote?" aliuliza.

"Wako wote."

Akakaa chini barabarani, akalia. Nilimfunga mkono kwa kitambaa cha sare na nikamwachia Mama Pasi, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka mama mkwe.

Nilitembea katikati ya barabara, mbali na kuta na nyaya. Nyumba yetu ilikuwa imesimama. Mlango ulikuwa umejikaza kwenye fremu. Jirani, fundi redio, alikuwa tayari ameutegea sikio. "Kuna anayegonga ndani," alisema. "Mara tatu, anapumzika, mara tatu."

Majirani walivunja mlango. Nilifunga mtungi wa gesi kwanza, kisha nikaingia chumbani. Kabati lilikuwa limelala juu ya kitanda. Mama mkwe alikuwa chini yake kuanzia kiunoni, mto juu ya kichwa, kikombe cha bati mkononi akigonga ukuta.

Wanaume wanne walilishika kwa haraka. "Acheni," alisema kutoka chini ya mto. "Mtaniua nyie. Kwa pamoja, polepole, nikisema." Wakasubiri. "Miaka arobaini nawaambia watu sukuma. Leo nasema inueni. Haya."

Vyuma vya pembe vilikuwa begani kwangu, ndani ya mkoba. Vilikuwa vikinigonga ubavuni njia nzima na sikuvisikia. Mimi niliyekwenda kumhoji Kaka kuhusu nondo. Nyani haoni kundule.

Aprili 15
Tuko kwenye uwanja wa hospitali, chini ya turubai. Paja la mama mkwe limevunjika juu, karibu na nyonga. Daktari anasema atakaa, pengine atasimama kwa kushikilia. Kutembea, hasemi.

Ardhi inatetemeka mara tano, sita kwa siku. Dada wa vipimo alituambia itakuwa hivi baada ya kubwa. Kujua hakuzuii moyo kuruka.

Aprili 18
Nimemwambia mama mkwe. Vyuma, mkoba, Jumapili niliyolala. Nilisema yote nikitazama turubai.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unaandika kwenye daftari lako 'kabati bado', unatamka huku unaandika. Na mimi sikukuhimiza. Sikutaka kuta zitobolewe, kabati la mwanangu lishikwe na vyuma kama mwizi. Nilipenda linavyosimama."

Nikaanza kulia.

"Usitake nikwambie si kosa lako. Ni lako, na ni langu. Sasa nipe maji."

Aprili 21
Bwana Subiri anasimulia kila anayepita kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Leo Mama Pasi kamkatiza mbele ya watu. "Bosi, ulikimbilia chini ya ukuta ambao haukuwepo. Jiulize haukuwepo kwa sababu ya nani." Bosi aliondoka. Baada ya saa moja alirudi na turubai kubwa zaidi, akalifunga mwenyewe juu ya vitanda viwili, cha mama mkwe na cha jirani yake. Sijui nimweke wapi mtu huyu.

Aprili 27
Kaka kaja, mkono kwenye plasta. Hakukaa.

"Siku ile pale uani," alisema, "nilikasirika kwa sababu nilijua jibu kabla hujauliza. Nilikuwa nalijua miaka sita."

"Kaka, umeshaubomoa."

"Huo mmoja. Nimekaa nimehesabu. Nimejenga kumi na mbili za namna ile, haraka haraka, nondo baadaye." Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Siwezi kuandika. Leta daftari, nikutajie zilizobaki."

Kumi na moja. Naziandika ukurasa unaofuata, mtaa kwa mtaa.

Mei 4
Tumeanza leo. Mlango wa kwanza, mwenye nyumba alisema Kaka anatafuta kazi. "Sitafuti," Kaka alisema, "tafuta fundi mwingine, hata jina langu usimtajie. Ila usilaze watu upande huu." Mwenye nyumba akatufungia mlango. Wa pili alisikiliza, akasema atafikiria.

Wa tatu ni mama anayelea watoto wadogo mchana, wazazi wakiwa kazini. Watoto kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye mikeka, migongo kwenye ukuta wa uani, maana ndipo penye kivuli. Kaka aliuona, akasahau salamu.

"Huu ukuta," alisema, "hauna nondo ndani."

"Umejuaje?"

"Niliujenga mimi."

Yule mama alimtazama, akautazama ukuta kutoka chini hadi juu. Nilijiandaa kwa matusi. Akageuka kwa watoto. "Haya, kila mtu abebe mkeka wake. Tunahamia katikati ya uwanja." Nami nikabeba mikeka ya waliokuwa wakisinzia, na Kaka akaburuta mwingine kwa mkono mmoja. Hatujafika katikati, ardhi ikatikisika. Ndogo tu, lakini mtoto mmoja aliacha mkeka na wote wakasimama, wakatutazama sisi watu wazima waone tunafanya nini.

Kaka alikuwa wa kwanza kupiga magoti na kuweka mkono wake mzima juu ya kichwa. Wakapiga magoti wote.

Zimebaki nane.